Njugu Anatazama Dari

Mwanzo tulicheka, sikatai.
Njugu alisimama katikati ya sanduku lake la kioo,
akainua shingo, akainua tena,
hadi kidevu kikaelekea dari
kama muumini aliyesahau Amina.
Mama Chelagat wa nyumba ya nne akaita wanawe:
njooni mwone mjusi anayesali!
Wakaja na simu, wakachukua video,
nami nikawamiminia chai.

Huyu si kafiri wa ukutani.
Hana vidole vya kugandia. Ana kope,
huzifumba polepole kama karani saa nane mchana.
Madoa yake ni ya chui, mkia wake ganda la njugu,
ndiyo maana Gathogo akampa jina hilo
siku tuliyomchukua kwa mwalimu aliyehama Kiamunyi
akatuachia na taa, bakuli, na mkebe wa nyenje
waliotulilia usiku kucha nyuma ya friji.

Gathogo ndiye aliyeacha kucheka kwanza.
Ana miaka tisa na daftari la hesabu.
Aliandika kwa penseli:
Jumatatu, nyenje watatu, amekosa wawili.
Jumanne, ameuma mchanga.
Jumatano, amezunguka kushoto mara kumi na moja.
Kulia, hata mara moja.
Niliposoma mstari huo, maharagwe yaliungua.

Kwani nilikuwa nimeona, ila sikuwa nimetazama:
kichwa kilivyolala upande
kama cha mtu anayesikiliza redio ya jirani;
ulimi ukiramba pale mdudu alipokuwa,
si pale alipo;
mguu wa nyuma ukisita hewani,
ukiuliza sakafu imekwenda wapi.

Daktari Masinde ni wa ng'ombe.
Alituambia hivyo mlangoni, buti zikiwa na tope la Njoro.
Akaminya taya kwa ncha ya kidole: gumu.
Akanyoosha miguu, mmoja mmoja: haitetemeki.
"Angekosa madini ya chokaa, taya lingebonyea kama ndizi mbivu,
miguu ingepinda, vidole vingecheza vyenyewe.
Stima ilipotea?"
Ilipotea, nikasema, Ijumaa, usiku mzima, na baridi hii ya Nakuru.
"Baridi humlegeza. Haimzungushi."
Kisha akamlaza chali kiganjani.

Sijawahi kuhesabu kwa urefu namna ile.
Mjusi mzima hujipindua kabla hujamaliza kusema moja.
Njugu alipiga teke, akajikunja, akatulia
akitazama dari ileile ya sala zake,
nne, tano, sita.
Mgeuze, daktari, alisema Gathogo.
Mgeuze.

Ni ya damu, pengine, alisema akinawa mikono.
Kuna wanaowapandisha kwa ajili ya madoa,
rangi juu ya rangi, ili wauze ghali,
na kizunguzungu kikaja ndani ya urembo
kama deni ndani ya mahari.
Sina hakika. Mimi ni wa ng'ombe.
Dawa siijui. Asizalishwe, basi, na asishtuliwe.
Akakataa pesa, akakubali chapati mbili.

Sasa tumeondoa mchanga, tumetandaza gazeti,
anatembea juu ya matangazo ya vifo na mashamba.
Jiwe refu limetolewa, asije akaanguka.
Nyenje huja kwa kibanio changu cha nyusi,
mbele kabisa ya pua, nasi tunangoja
akose, akose, apate.
Mama Chelagat amefuta ile video. Sikumwomba.

Kuna usiku bado huinua shingo.
Huzima taa, nikakaa naye gizani kidogo,
sijui kama ni huruma au ni aibu.

Jana nimelikuta daftari wazi mezani:
Jumamosi, nyenje wanne, amepata wanne.
Amezunguka mara tatu.
Na chini yake, kwa mwandiko mdogo zaidi,
kama asiyetaka kusikika akitumaini:
mara moja ilikuwa kulia.